Besi ya John Deacon

Mji Mkongwe wa Unguja, mtaani Shangani, kuna makumbusho ya Freddie Mercury yaliyofunguliwa mwaka 2019. Wageni huingia kutaka kujua alikotoka mwimbaji huyo, Farrokh Bulsara kwa jina la kuzaliwa, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, akapelekwa India kusoma, kisha akahamia Uingereza na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Tuna haki ya kujivunia sauti ile. Lakini mimi nikiwasikiliza Queen, bendi yake, sikio langu humtafuta kwanza yule aliyesimama karibu na drams, asiyeimba na asiyesema kitu: John Deacon, mpiga besi. Wapenzi wa muziki wa dansi hawatashangaa. Solo ndilo linaloshangiliwa, besi ndiyo inayokuinua kitini.

Deacon alijiunga na Queen mwaka 1971 akiwa na miaka 19, mwanafunzi wa elektroniki mjini London. Bendi ilikuwa imeshajaribu wapiga besi wengine, na hakuna aliyekaa. Waliomtangulia mle ndani walikuwa watu watatu wa makelele mazuri, na kila mmoja alikuja na mlio wake mkononi.

Brian May alikuja na gitaa alilolichonga mwenyewe pamoja na baba yake kuanzia mwaka 1963. Shingo yake ilitokana na mbao za meko ya zamani, springi zake zilitoka kwenye pikipiki, na badala ya kipigio cha plastiki alitumia sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Ile sarafu hukwaruza uzi kidogo kabla ya kuuachia, ndiyo maana kila sauti ya gitaa lake huanza na kaukali fulani, kisha hurefuka kama mtu anayeimba. Mercury naye alitunga akiwa kwenye piano, na vidole vyake vilipenda vitufe vyeusi, mahali ambapo gitaa halina nyuzi tupu za kuegemea. Mpiga gitaa wa kawaida angenung'unika. May alijibu kwa kutunga mistari ya kuimbika, akairekodi mmoja juu ya mwingine mpaka gitaa moja likawa kwaya. Naamini kabisa kwamba gitaa la Queen lisingekuwa vile kama mwimbaji wao angekuwa mtu wa kutungia kwenye gitaa. Na Roger Taylor, mbali na drams zake, ndiye aliyekuwa na sauti nyembamba ya juu kuliko wote. Kwenye "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, ile sauti inayopaa hadi karibu kupasuka si ya Mercury, ni ya mpiga drams.

Sasa fikiria kazi ya mtu wa nne. Piano imejaa, gitaa limejirudia mara nyingi, sauti tatu zimepandana hadi darini. Kijana mwenye njaa ya sifa angetafuta upenyo wa kujionyesha, na wimbo ungezama. Deacon alisikiliza kwanza. Kwenye "The Millionaire Waltz" ya mwaka 1976, sehemu ya mwanzo ni piano na sauti ya Mercury, na besi inatembea katikati yao ikiimba wimbo wake wenyewe, inapanda wanapotulia na kutulia wanapopanda. Nausikiliza wimbo ule kwa ajili ya besi peke yake, na sijauchoka. Na pale ambapo wimbo hauhitaji besi, haipo: "We Will Rock You" ya mwaka 1977 karibu wote ni vishindo vya miguu, makofi na sauti za watu. Mtunzi wake ni May, mpiga gitaa, naye ameliweka gitaa lake likisubiri mpaka mwishoni. Unyenyekevu wa namna hiyo studioni si jambo dogo.

Lakini mchango wa Deacon ninaoupenda kuliko yote hausikiki kwenye besi hata kidogo. Siku moja miaka ya mwanzo ya 1970 aliokota kibao cha saketi kwenye takataka za mtaani London. Akakipeleka nyumbani, akakifunga ndani ya boksi la spika, akakiendesha kwa betri. Ikawa amplifaya ndogo isiyo hata na kitufe cha kupandisha sauti. May alipochomeka gitaa lake humo, mlio ukatoka laini, wa duara, wenye mchecheto kidogo. Kwenye wimbo wake "Good Company", uliomo katika albamu ya A Night at the Opera, utasikia klarineti, tarumbeta na tromboni za bendi ya jazi ya zamani. Hakuna mpulizaji hata mmoja. Zote ni gitaa la May likipita kwenye boksi la Deacon. Watu husema mlio wa May, nami nakubali ni wake, lakini ndani yake mna mkono wa fundi asiyetajwa.

Katika albamu hiyohiyo kuna jambo jingine. Mercury hakuipenda piano ya umeme, aliiona duni mbele ya piano kubwa. Deacon akaichukua nyumbani, akajifunza kuipiga, na kilichotoka ni "You're My Best Friend". Kwa hiyo hata kile alichokataa mmoja kilipata mwenyewe, na bendi ikaongeza rangi ambayo haikuwa nayo.

Halafu ukaja mwaka 1980. Deacon alikuwa mpenzi wa muziki wa Wamarekani weusi, hasa bendi ya Chic na besi ya Bernard Edwards. Akaleta "Another One Bites the Dust", wimbo wenye besi kavu, yenye vituo, unaoacha hewa nyingi kiasi kwamba roki yote ya Queen ilionekana kufungiwa nje. Taylor alipenda drams zivume na hakuufurahia, lakini alijaza mablanketi ndani ya ngoma zake ili zisivume. May alipunguza gitaa lake likawa mikwaruzo tu. Mercury aliushika wimbo kwa moyo wote, akauimba kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kabla. Wimbo wa mtu mkimya kuliko wote ukashika namba moja Marekani. Nikisikia watu wakibishana nani alikuwa Queen hasa, huwa naukumbuka: wanaume watatu wenye vipaji vikubwa wakijipunguza ili besi ipite.

Mercury alifariki Novemba 1991. Deacon alirekodi na wenzake mara ya mwisho mwaka 1997, akaondoka kwenye muziki, na hajarudi. May na Taylor wameendelea, kwanza na Paul Rodgers, kisha na Adam Lambert, na wote wawili ni waimbaji hodari walioimba kwa namna zao bila kumwiga Mercury. Mwimbaji ana ruhusa hiyo. Mpiga besi anayesimama leo mahali pa Deacon hana: kituo kimoja kikisogezwa kwenye wimbo ule wa 1980, uwanja mzima utakisikia.