Kishikio na Dakika Tano: Usawiri wa Ulemavu katika Filamu ya Soul Surfer

Filamu ya Soul Surfer (2011), iliyoongozwa na Sean McNamara, inatokana na maisha halisi ya Bethany Hamilton, msichana wa Hawaii anayeshindana katika mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, ambaye mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 13, alishambuliwa na papa na kupoteza mkono wa kushoto. Thamani ya filamu hii ni kwamba haiuachii ujasiri pekee kazi yote, bali inatofautisha nyenzo na upendeleo. Bethany anapopewa dakika tano za kuwatangulia wenzake shindanoni, anazikataa; tena anamshukuru Malina, hasimu wake, kwa kumchukulia kama mshindani kamili. Lakini kishikio ambacho baba yake anakifunga kwenye ubao anakipokea. Dakika tano zingebadili kipimo cha shindano. Kishikio kinaondoa kikwazo tu.

Hata hivyo, tamati inaudhoofisha msimamo huo. Wimbi bora la Bethany linakuja baada ya muda kwisha, hivyo halihesabiwi, na Malina anashinda kihalali. Badala ya kuyaacha matokeo yasimame, filamu inamfanya Malina amwalike Bethany jukwaani washiriki ushindi. Hapo upendeleo uliokataliwa awali unarejea kwa sura ya heshima. Mwanamichezo mwenye ulemavu ananyimwa jambo ambalo washindani wengine wote wanalo: haki ya kushindwa na bado akahesabiwa kuwa mwanamichezo.