Vifaru Vilivyojua Kungoja

Tarehe 3 Oktoba 1941 Wajerumani waliingia mji wa Oryol, na mbele yao ikabaki barabara ya Mtsensk, Tula, kisha Moscow. Kwenda kuwazuia, Wasovieti wakaituma Brigedi ya 4 ya Vifaru ya Kanali Mikhail Katukov, kikosi kichanga kilichoundwa mwezi uliotangulia katika eneo la Stalingrad.

Vifaru alivyokuwa navyo Katukov havikutosha kuziba barabara ile. Basi akavificha. Kimoja hapa pembezoni mwa msitu, kingine kule nyuma ya kilima, kimefunikwa matawi, kichwa tu ndicho kinachochungulia. Mbele zaidi yakachimbwa mahandaki ya uongo ili mizinga ya Wajerumani imalize makombora kwa kupiga udongo mtupu. Wanaume wa vifaruni wakakaa kimya, injini zimezimwa, wanasikiliza mngurumo wa msafara ukisogea.

Sijui kazi ya kivita inayodai nidhamu kuliko hiyo. Ukipiga mapema, umejitangaza. Ukichelewa, umepitwa. Unamngoja adui mpaka akuoneshe ubavu, mahali ambapo deraya yake ni nyembamba, ndipo unapiga mara chache, unarudi kinyumenyume, na kuhamia maficho mengine uliyokwisha kuyaandaa. Kifaru kimoja kikihama hivyo mara tatu, aliye upande wa pili anahesabu vitatu.

Ndani ya T-34 walikaa watu wanne, wamebanana. Kamanda aliamuru na papo hapo akalenga mzinga yeye mwenyewe. Dereva alipambana na giya ngumu kiasi kwamba pengine mwenzake wa pembeni alilazimika kushika naye wenzo, wavute pamoja. Na kwa giya hiyohiyo alitakiwa kuondoka upesi kabla jibu halijafika. Ninayemstahi zaidi ni mpakiaji, ambaye husahauliwa. Makombora yake mengi, kila moja kilo tisa hivi, yalikuwa kwenye masanduku sakafuni, chini ya mikeka ya mpira. Alisimama juu ya ghala lake mwenyewe. Mapigano yakikolea, ilimbidi aifumue sakafu aliyoikanyaga, huku moshi wa baruti ukimwingia machoni na maganda ya moto yakidondoka miguuni, na bado mkono wake ulipaswa kuwa tayari kabla kamanda hajamaliza kulenga.

Tarehe 6 Oktoba, karibu na kijiji cha Pervy Voin, Luteni Dmitry Lavrinenko wa brigedi ya Katukov alitokeza na T-34 nne wakati askari wa miguu walipokuwa wakizidiwa na Divisheni ya 4 ya vifaru ya Wajerumani. Wakapiga, wakatoweka, wakaibukia pengine. Wasovieti walidai kundi hilo liliharibu vifaru 15, na hesabu za vitani hukua kila zinaposimuliwa. Hata hivyo Jenerali Guderian, aliyeongoza upande wa pili, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba hasara ya siku ile ilikuwa kubwa, na kwamba Warusi walikuwa wameanza kujifunza.

Wapo wanaosema sifa yote ni ya T-34, kwa deraya yake ya mshazari na minyororo yake mipana isiyozama matopeni. Ilikuwa mashine nzuri, sikatai. Lakini mwaka huohuo Wasovieti walipoteza T-34 zaidi ya 2,000, nyingi zikiachwa njiani kwa kuharibika au kukosa mafuta, na nyingine zikitupwa vitani ovyo na watu wasiofunzwa vya kutosha. Chuma kilikuwa kilekile.

Mtsensk ilitekwa tarehe 10, baada ya takriban wiki nzima ya mapigano. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Novemba, kikosi cha Katukov kikaitwa Brigedi ya 1 ya Vifaru ya Walinzi, cha kwanza cha vifaru kupewa heshima hiyo. Lavrinenko aliuawa tarehe 18 Desemba karibu na Volokolamsk, kwa kipande cha kombora la mota, akiwa ameshuka kwenye kifaru chake kwenda kutoa taarifa. Alikuwa na miaka 27. Wasovieti walimhesabia vifaru 52, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 hakuna mwanavifaru wao mwingine aliyemfikia.