Sekunde 24 dhidi ya dakika 90

Chukua matokeo mawili. Machi 23, 2019, Bujumbura: Burundi 1, Gabon 1. Machi 2024, Pretoria, Ligi ya Kikapu ya Afrika: Dynamo ya Bujumbura 86, Cape Town Tigers 73. Mechi ya kwanza ilizaa magoli mawili kwa dakika 90. Ya pili ilizaa pointi 159 kwa dakika 40, yaani pointi moja kila baada ya sekunde 15 hivi. Kwa hesabu hiyo kikapu kimeshinda kabla ubishi haujaanza. Ila ukiomba watu wakusimulie moja kati ya hizo mbili hatua kwa hatua, wengi watakusimulia ile ya magoli mawili.

Hapa Mutanga Nord, mtaa wa Bujumbura, ubishi huu hauna mwisho. Kampasi ya Chuo Kikuu iko jirani, vijana wanacheza yote mawili, na skrini inaonyesha yote mawili, ingawa kwa saa tofauti. Ligi Kuu ya Uingereza hutufikia saa kumi au kumi na moja jioni ya Jumamosi, watu wamejaa na mishikaki iko motoni. Fainali za NBA huanza saa nane na nusu usiku, na anayezitazama ana usingizi wa kulipia kesho yake. Tuweke saa pembeni, tuangalie kinachotendeka uwanjani.

Presha ya mtazamaji ina vyanzo viwili: jinsi matukio yanavyofuatana, na uzito wa kila tukio. Hakuna mchezo unaoweza kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu. Pointi zikiwa nyingi, kila moja inapungua thamani. Zikiwa chache, utasubiri sana. Kila mchezo ulichagua upande wake, kisha ukaanza kutunga sheria za kuziba pengo.

Kikapu kilichagua kasi, lakini si tangu mwanzo. Novemba 22, 1950, katika NBA, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Pistons walijua hawamuwezi George Mikan, jitu la Lakers, kwa hiyo waliushika mpira tu na kuacha dakika ziende. Sheria haikuwakataza. Miaka minne baadaye Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alikuja na hesabu nyepesi: mechi inayonoga huwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, na dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya, unapata sekunde 24 kwa kila mtupo. Msimu wa 1954 saa ya kuhesabu sekunde hizo ikaanza kutumika.

Kwa sheria za FIBA, ambazo ndizo wachezaji wetu wanazozifuata, timu ina sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 za kutupa. Mpira ukigonga ringi na mshambuliaji akauokota tena, anapewa 14. Tazama shambulio moja tu. Mgawaji anavuka mstari saa ikisoma 18. Mrefu wa timu anapanda juu kumwekea kizuizi beki anayemkaba mwenzake. Mgawaji anapita upande wa kizuizi saa ikiwa 12, na sasa mabeki wawili wana sekunde moja ya kuamua nani amfuate nani. Wote wakimfuata mwenye mpira, yule mrefu anabaki peke yake chini ya ringi. Beki wa tatu akishuka kumzuia, pembeni kuna mtu huru nyuma ya mstari wa pointi tatu, mita 6.75. Saa inasoma 5. Lazima mtu atupe. Asiyejua hata jina moja uwanjani ataelewa kwamba kuna jambo linakuja, kwa sababu saa inamwambia.

Soka halina msaada huo. Siku ile ya Gabon, Burundi ilihitaji sare tu ili ifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Misri. Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ilihitaji ushindi. Kwa hiyo dakika ambazo mgeni angeziona tupu zilikuwa zimejaa. Kila mpira uliotoka nje ni sekunde kadhaa za kuikaribia Misri, na kila kona ya Gabon ni hatari ya kufuta kazi ya miaka. Dakika ya 76 Cédric Amissi akatikisa nyavu, uwanja wa Prince Louis Rwagasore, leo Intwari, ukalipuka. Dakika chache baadaye Omar Ngando akajifunga. Sare bado ilitosha, lakini goli moja tu la Gabon lingegeuza kila kitu, na dakika za lala salama zikawa ndefu kuliko zote zilizotangulia. Bao hilo halikuja. Intamba mu Rugamba, yaani timu ya taifa ya Burundi, wakamaliza kundi bila kupoteza mechi hata moja, ushindi mara mbili na sare nne.

Huko Misri tulicheza dakika 270 bila kufunga. Hata hivyo, Nigeria ilitufunga 1-0 dakika ya 77, na Madagascar 1-0 dakika ya 76. Maana yake ni kwamba katika mechi mbili kati ya tatu, shabiki wa Burundi alikuwa umbali wa teke moja kutoka sare hadi filimbi ya mwisho. Katika kikapu timu isiyofunga haina mechi baada ya robo ya kwanza.

Uhaba huo wa magoli ndio unaompa mnyonge nafasi. Mwanafizikia Eli Ben-Naim na wenzake walipopitia matokeo ya miongo mingi, waliona timu dhaifu ilishinda takriban mara 45 kati ya 100 katika soka la Uingereza, na takriban 37 katika NBA. Mashambulizi yakiwa mengi, ubora hujitokeza. Mechi ikiamuliwa na goli moja, mpira unadunda.

Kila mchezo pia una ugonjwa wake. Wa kikapu ni pengo: tofauti ya pointi 13, kama ile ya Pretoria, inahitaji mitupo mitano ya pointi tatu bila jibu, na zikibaki dakika mbili anayeongoza anajua kazi imekwisha. Pengo likiwa dogo, aliye nyuma hufanya faulo za makusudi ili saa isimame, na sekunde 40 zinageuka robo saa ya mitupo huru. Wa soka ni kupoteza muda. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka pasi ya miguu kutoka kwa mwenzake, na tangu 2025 akiushika mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona, refa akihesabu tano za mwisho kwa vidole. Soka limekubali kuazima saa ya Biasone, walau kwa mtu mmoja.

Shabiki wa Dynamo atasema kikapu nacho kina uzito ukiwa na timu yako. Ni kweli, na Pretoria ilikuwa nafasi ya kuupima. Bahati mbaya baada ya ushindi ule, ambapo wachezaji waliziba maandishi ya "Visit Rwanda" kwenye jezi, Dynamo haikuingia uwanjani kwa mechi mbili zilizofuata kwa sababu ya mgogoro wa maandishi hayohayo, ikaondolewa mashindanoni.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kama huna timu, tazama kikapu, na ukiweza anza robo ya nne, maana sheria zimepangwa ili hata mgeni apate chake kila sekunde 24. Kama una timu, soka halina mpinzani, kwa kuwa linakutesa hata pale ambapo hakuna kinachotokea.