Safari Ndefu Isiyosimama Majengo

Leo naleta ukosoaji wa kitabu kimoja cha zamani. Lakini nawaonya mapema: mwisho nitajikosoa mimi mwenyewe. Someni mpaka chini.

Kikundi chetu kiliamua kuandika programu ya safari ya siku nane: Bukavu, Goma, Rutshuru, Rwindi, Lubero, Butembo, Beni. Najua, njia hizo haziko wazi zote, na hakuna mtu wa Goma anayehitaji kuambiwa hilo. Tuliandika kwa ajili ya siku amani itakaporudi, ili vijana waliosoma waione nchi yao kwa macho yao. Mimi nikapewa kazi ya kuandika maelezo ya kila kituo, na sikujua nianzie wapi. Muzee mmoja jirani yetu hapa Majengo, mwalimu wa zamani, akanitolea kitabu kinene kilichokwisha kupoteza jalada: *Guide du voyageur au Congo belge et au Ruanda-Urundi*. Sharti lake lilikuwa moja tu: kitabu hakitoki mlangoni. Basi nikawa nakisoma palepale kwake, kila jioni, mpaka giza linaingia.

Kitabu hicho kilitolewa Bruxelles na ofisi ya utalii ya wakoloni. Toleo la kwanza ni la 1949, na mengine yakafuata miaka ya 1950. Kiliandikwa kwa mtu mwenye gari, pesa na likizo ndefu. Hakikuandikwa kwa babu yangu wala kwa babu yako.

Tuanze na haki yake. Ni kazi ya watu makini. Umbali umeandikwa kwa kilomita, miinuko kwa mita, na msafiri anajua mapema atalala wapi. Ukikifuata upande wa kwetu, unatoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, unapanda milima ya Kamanyola, unaingia Bukavu, ambayo wakati ule wengi walikuwa bado wanaiita Costermansville. Kisha unafuata ziwa mpaka Goma, unakata katikati ya mbuga, unapanda Kabasha, na usiku unatafuta blanketi Lubero. Mimi nimesoma jiografia miaka yote ya sekondari na sikuwahi kufundishwa jambo hili dogo: ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, bonde la Rwindi linashuka karibu mita 1,000, halafu Lubero unapanda tena karibu 2,000. Kwa safari moja unavua koti na kulivaa tena. Nilijifunza hayo kwa kitabu cha Wabelgiji. Hiyo ni aibu yetu, si kosa lao.

Hata mpangilio wake ni mzuri. Msafiri hapewi kila kitu siku ya kwanza. Anapewa ziwa, kisha volkano, kisha joto la bonde na wanyama wake, na ndipo anapandishwa Kabasha ageuke nyuma kuona bonde lote alikotoka. Aliyepanga njia hiyo alijua kumngojesha mtu. Programu nyingi ninazoona leo hazijui.

Sasa makosa. La kwanza ni historia. Kwa vitabu vya aina hii, mji unazaliwa siku mzungu anapojenga kituo chake. Kabla ya hapo kuna mila na desturi, lakini hakuna historia. Wanatuambia kwamba mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Ni kweli, alifika. Lakini alifika penye watu. Wavuvi wa Idjwi walikuwa wanavuka maji hayo kwa mitumbwi, na ule mlima ulikuwa na jina lake na heshima yake kabla jina la Götzen halijaandikwa popote. Mtu akija kwako mchana, ukamfungulia mlango, huwezi kusema amevumbua nyumba yako.

Angalia pia Ishango, kule mto Semliki unapotoka kwenye Ziwa Edouard, ndani ya mbuga yenyewe. Mwaka 1950, wakati kitabu hiki kinauzwa, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akapata mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, na wataalamu wengi wanaona ni alama za kuhesabu. Leo mfupa huo uko Bruxelles, kwenye nyumba ya makumbusho ya sayansi ya viumbe. Kama unatafuta mahali pa kihistoria kwenye njia hii yote, pale njo penyewe. Lakini waliopita upande ule miaka hiyo walitumwa kutazama viboko.

Kosa la pili ni kazi ya mikono. Kitabu kinasifu barabara. Na kweli, kwa mtu anayejua udongo wa Lubero wakati wa mvua, barabara ni jambo la kusifiwa. Lakini kurasa zote nilizosoma zinaonyesha barabara kama mto: iko tu, inapita. Nilimsomea muzee sehemu moja, akacheka kidogo, akasema:

“Baba yangu alichimbaka hii njia ya Rutshuru. Haikukuwa mashini. Ilikuwaka mikono ya batu.”

Sisi tuliosoma sheria tunajua jina la jambo hilo. Dekreti ya 1933 iliruhusu kazi za lazima mpaka siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume mzima kijijini, na mwaka 1942, wakati wa vita, zikapandishwa mpaka 120. Hesabu siku 120: ni miezi minne. Nani alilima shamba la nyumbani miezi hiyo? Jibu unalijua: mama zetu.

Na mbuga vilevile. Mbuga ya Albert, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga, iliundwa 1925 na ikapanuliwa sana kuanzia 1929. Ni mbuga ya taifa ya kwanza Afrika. Najivunia, sifichi. Lakini ilipopanuliwa kulikuwa na vijiji, mashamba na mahali pa kuvua samaki, na watu walihamishwa. Kitabu kinampa msafiri bonde la wanyama na kumwacha adhani lilikuwa hivyo tangu uumbaji. Ugomvi wa mipaka ya mbuga unaosikia leo Rutshuru na Lubero haukuanza jana. Mtu asiyejua mwanzo wake atadhani wakulima wa huko ni wakaidi tu.

Kosa la tatu ni lile jina tamu: Uswisi ya Afrika. Halikuanza na kitabu hiki wala halikuishia hapo, hata siye tunaliandika chini ya foto za Masisi. Ebu tufikiri kidogo. Kwa nini milima ya baridi, maziwa na majani ilionekana kuwa ya mtu wa Ulaya? Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ili igawie wakoloni mashamba ya kahawa na mengineyo. Ukishaita mlima “Uswisi”, ni rahisi kusahau kuuliza mwenyewe ni nani. Jina zuri lilifanya kazi ya karatasi ya umilikaji. Masisi haihitaji kufanana na mahali pengine ili iwe nzuri. Ni Masisi.

Mtu ataniuliza: kwa nini kugombana na kitabu cha zaidi ya miaka 70, ambacho hata jalada hakina? Kwa sababu kimezaa watoto. Angalia programu za watalii za miaka ya karibuni, wakati mbuga ilipokuwa wazi. Mgeni anavuka mpaka asubuhi kutoka Gisenyi. Anapelekwa Kibati, anapanda Nyiragongo, mita 3,470, analala juu, anashuka. Kesho yake gorila wa Bukima. Keshokutwa kisiwa cha Tchegera, halafu anarudi alikotoka. Goma kwake ni mahali pa kupigiwa muhuri wa pasipoti. Vituo ni vilevile, na ukimya ni uleule.

Sisemi haya kuwadharau wanaofanya kazi hiyo. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa kazini, na wengi ni watoto wa hapahapa. Filamu ya *Virunga* ya mwaka 2014 iliwaonyesha vizuri. Pesa ya watalii ililisha familia nyingi. Ninachokosoa ni maneno yanayosemwa ndani ya gari, na yale yasiyosemwa.

Kwa maana ile gari ya kwenda Kibati inafuata barabara ya Rutshuru, upande wetu huu wa kaskazini ya mji. Inapita hapa Majengo kwetu. Haisimami.

Sasa nafika kwangu. Baada ya wiki tatu niliandika rasimu yangu na kuipeleka kwa muzee, nikiwa na furaha. Siku ya Goma niliiandika hivi: asubuhi, sanamu ya chukudu, mchana, chakula kando ya ziwa, jioni, kutazama jua likizama, kesho yake, kuondoka kuelekea Rutshuru. Nikasoma kwa sauti. Muzee akanyamaza, kisha akauliza:

“Mutoto yangu, hii gari yenu, hapa kwetu itapita na madirisha ya kufunga?”

Nilikosa jibu. Wiki zote hizo nakosoa wakoloni jioni, halafu asubuhi naandika kama wao. Nimezaliwa hapa. Nimebeba mabidoni ya maji hapa, nimesomea mtihani wa serikali kwa mushumaa hapa. Na nilipopewa kalamu, nikaiondoa kartiye yangu kwenye ramani kwa sababu haikufanana na mahali pa kutembelea. Nilipeleka wageni kwenye chukudu ya dhahabu, ile ya sanamu, lakini sikuwapeleka kwa wenye chukudu za mbao wanaoshuka kutoka Kibumba na kabichi, viazi na makala, wakipita mbele ya mlango wetu kabla ya saa moja ya asubuhi.

Na Majengo iko na la kusema. Jina lenyewe ni la Kiswahili wazi, na utalikuta Nairobi, Moshi, Mombasa: karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake, mahali ambapo watu wa kawaida walijijengea. Kuta zetu za uani ni mawe ya volkano. Januari 17, 2002, moto ulipokata mji mpaka ziwani, watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Mei 22, 2021, mlima ulitoka tena usiku, na moto ukafika Buhene, karibu kabisa na siye. Siku tano baadaye serikali ikaamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame, na Majengo ilikuwa ndani ya orodha. Tuliokuwepo tunakumbuka barabara ya Sake siku ile: magodoro, mbuzi, wagonjwa mgongoni. Mgeni anayelipa kutazama moto juu ya mlima anapaswa kusikia pia habari za chini yake.

Rafiki mmoja wa kikundi alinipinga, na alikuwa na haki kwa sehemu. Alisema: ukisimamisha gari Majengo, wageni watapiga foto ya batoto miguu wazi, na umaskini wetu utakuwa kama gorila, kitu cha kulipia na kutazama. Ni hatari ya kweli. Kusimama peke yake hakutoshi. Mtu akisimama na kutazama bila kusikia, heri angepita.

Kwa hiyo tumebadili programu yote, si ukurasa wa Goma tu. Kwa kila kituo, anayeongea kwanza ni mtu wa pale. Na kila kituo kinajibu maswali mawili: nani alifanya kazi hapa, na nani aliondolewa hapa? Kabasha, waliopasua mwamba ili barabara ipite. Rwindi, waliohamishwa. Ishango, ule mfupa ambao haupo. Kilomita na mita za Wabelgiji tumezichukua kama zilivyo, kwa sababu hesabu nzuri ni hesabu nzuri, na tumesema tulikozitoa.

Kitabu cha zamani kilijua njia kuliko sisi. Tusikitupe, tusikiabudu. Lakini kama kizazi chetu, chenye diploma zake zote, kitaandika upya njia ileile na ukimya uleule, hatutakuwa na mkoloni wa kulaumu. Wewe unayesoma hapa, siku ukiombwa kuandika maelezo ya kwenu, Uvira, Kasongo, Bunia au popote, soma rasimu yako kwa sauti mbele ya mtu mzima wa pale kabla ya kuituma.

Siku ya tatu ya programu yetu sasa iko na saa moja ya Majengo. Muzee amekubali kuongea. Ameweka sharti lingine: hakuna foto mpaka amalize.