Kakulu wa Kezilahabi si Nietzsche aliyevaa kanzu

Kuna dai lililozoeleka katika mijadala ya fasihi: ati Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, ni falsafa ya Ulaya iliyovishwa kanzu ya Kiswahili. Mwanafunzi mmoja wa Jomvu Kuu aliniuliza majuzi: kwa nini basi asimsome Nietzsche moja kwa moja, akaachana na mafumbo haya? Swali ni la haki. Jibu lake ndilo litakaloamua kama tutazisoma riwaya hizi kama zetu au tutaziacha zile vumbi kama nakala za wengine.

Tuanze na lisilopingika. Kezilahabi (1944-2020), mzaliwa wa Ukerewe, alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Tasnifu yake ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nietzsche na Heidegger hawakuwa wageni kwake. Hata kauli ya Nietzsche ya 1882, kwamba Mungu amekufa, mwangwi wake unasikika ndani ya Mzingile. Hilo halina haja ya kufichwa.

Lakini hebu tutazame namna habari hiyo ya kifo inavyosafiri. Kwa Nietzsche, mwendawazimu anaingia sokoni na kuutangazia umati. Katika Mzingile, msimulizi anatumwa kumpasha mzee habari kwamba mwanawe amefariki. Ya kwanza ni hotuba. Ya pili ni tanzia. Na sote twajua kwamba anayempelekea mzazi habari ya msiba hapayuki tu. Hupima maneno, huketi kwanza, hutafuta pa kuanzia.

Mjumbe huyu tunamfahamu kutoka kwingine. Katika kisasili cha Wazulu, Unkulunkulu, muumba, alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akajikokota njiani. Mjusi, aliyetumwa baadaye na neno la kifo, akamtangulia. Visa vya aina hii vimeenea katika jamii nyingi za Kibantu. Kezilahabi amekigeuza juu chini: habari ya kifo haitoki tena kwa muumba kuja kwa binadamu, bali inatoka kwa binadamu kwenda kwa muumba. Kumbe hapo ndipo ubunifu wake ulipo. Swali si tena kama Mungu yupo au hayupo. Swali ni nani atakayekuwa na ujasiri, na adabu, ya kumkabili mzee kwa habari kama hiyo.

Hata jina linasema. Mzee huyo anaitwa Kakulu. Mzizi -kulu, wenye maana ya ukubwa na uzee, ndio huohuo uliomo katika Unkulunkulu. Kiswahili kilidondosha l, tukapata -kuu: mkuu, makuu, na hiyo Jomvu Kuu yenyewe. Kiambishi ka- nacho, katika lugha nyingi za Kibantu, hudunisha au hupunguza. Kwa hiyo ndani ya neno moja nasoma ukuu na udogo vikikaa pamoja: muumba aliye mkubwa kuliko wote, na kikongwe anayehitaji kuletewa habari. Fumbo hilo halikutoka Ujerumani.

Zipo kasoro. Katika Nagona, wanafikra wa Ulaya wanapita mbele ya msomaji kama wageni wasiotambulishwa. Asiyewajua hubaki nje ya mlango. Mzingile inafanikiwa zaidi kwa sababu fikra zimeshakuwa kisa. Ulimwengu unateketea, kisha waliosalia wanalazimika kuanza upya. Uumbaji hapa si jambo lililokamilika zamani. Ni kazi inayomsubiri binadamu.

Kwa hivyo, mwalimu anayefundisha Mzingile asianze na Nietzsche. Aanze na kinyonga na mjusi, kisha awaulize wanafunzi wake: je, mjumbe akitoka kwetu, atabeba neno gani?