Kifurushi, Programu na Duka: Uhakiki wa Istilahi za Usakinishaji katika Linux

Mfasiri wa istilahi za kompyuta hukabiliwa na hatari ya kutafuta neno kabla ya kulielewa tendo. Katika makala haya tunakusudia kuionyesha hatari hiyo kwa kulinganisha programu mbili zitumiwazo kusakinisha programu nyingine katika mfumo wa Linux, yaani Synaptic na GNOME Software. Zote mbili hutumia madirisha na vitufe badala ya amri za kuandikwa, lakini hazisemi lugha moja.

Synaptic ilianza mwaka 2001 katika kampuni ya Conectiva ya Brazil, na leo hutumika zaidi katika Debian na mifumo iliyotokana nayo. Kipimo chake ni kifurushi. Kifurushi chaweza kuwa programu nzima, au maktaba ndogo ihitajiwayo na programu nyingine, au orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia. Mtumiaji hutia alama kwenye kifurushi akitakacho, huonyeshwa vingine vinavyotegemewa nacho, na hakuna litendekalo hadi abonyeze kitufe cha kutekeleza. GNOME Software ilitokea mwaka 2013 pamoja na toleo la 3.10 la GNOME. Kipimo chake ni programu, ikiwa na picha na maelezo yake. Maktaba hazionyeshwi, na kubofya mara moja kwatosha. Discover ya KDE hufuata njia hiyo hiyo.

Kwa anayeanza, njia hii ya pili ni rahisi zaidi, wala hatuna ubishi juu ya hilo. Lakini mfasiri wa Synaptic akiandika "programu" mahali pa "kifurushi", msomaji atashangaa kukuta maelfu ya "programu" zisizofunguka. Naye mfasiri wa GNOME Software akiandika "kifurushi" mahali pa "programu", atakuwa amemtwika mtumiaji mzigo aliokwisha kutuliwa.

Yafaa pia kuliangalia neno "duka". Dukani watu hununua, ilhali programu nyingi za Linux hutolewa bure. Zaidi ya hayo, dirisha moja laweza kuchota kutoka mahali pengi. Twaona heri mahali hapo paitwe "ghala", na neno "duka" liachiwe panapouzwa kitu.

Jambo zito zaidi ni kuondoa. Synaptic hutenga matendo mawili: kuondoa kifurushi na kuyaacha mafaili ya mipangilio yake, ili kikirudishwa kiyakute, na kukiondoa pamoja na mafaili hayo. GNOME Software ina kitufe kimoja tu. Mfasiri atumiaye "futa" kwa matendo yote mawili hufuta tofauti ambayo mtengenezaji aliiweka kwa makusudi. Hata "ondoa kabisa" husema zaidi ya litendekalo, kwa sababu mipangilio iliyo katika folda ya mtumiaji mwenyewe hubaki palepale. Mtumishi wa serikali anayemkabidhi mwenzake kompyuta, akiliamini neno "kabisa", aweza kuacha nyuma mambo yasiyomhusu mwingine. Kwa hiyo twapendekeza "ondoa" kwa tendo la kwanza, na "ondoa pamoja na mipangilio ya mfumo" kwa la pili. Ni maneno marefu, lakini ni ya kweli.

Kuhusu tendo lenyewe la kuweka, "sakinisha" na "sanikisha" yote yanasikika. Sisi twachagua la kwanza, kwa kuwa limetokana na "sakini", yaani kukaa: kusakinisha ni kukifanya kitu kikae mahali pake. Mwalimu aweza kulieleza darasani bila shida.

Kwa maoni yetu, faharasa ya istilahi hizi ianze na Synaptic, ingawa wengi watatumia GNOME Software. Aliye na maneno mawili kwa vitu viwili aweza kulitumia moja panapohitajika moja. Lakini aliyeanza na moja hatakuwa na la kusema siku tofauti itakapojitokeza.