Si kila tunachokiita dawa huponya

Juma lililopita nilikuwa Litein, kaunti ya Kericho. Nikiwa katika duka la pembejeo, aliingia mama mmoja na kikapu.

"Kijana, niuzie dawa ya kupe."

"Ya kuogesha ama ya kupiga na pampu?"

"Ya pampu. Nitilie kidogo hapa."

Akatoa chupa tupu ya soda. Kijana akamimina, mama akalipa, akaitia kikapuni kando ya chupa nyingine ndogo. Nikamuuliza ile ndogo ni ya nini. "Hiyo pia ni dawa, mzee. Ya mtoto, anakohoa."

Mpenzi msomaji, sikumlaumu mama yule. Alisema Kiswahili tunachosema sote. Tuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, na hata dawa ya deni, ambayo ni kulipa. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno moja lililomaanisha tiba na sumu, na ndilo lililozaa jina la taaluma ya famakolojia.

Sayansi yenyewe inakubali kwamba tiba na sumu ni ndugu. Neva zetu huamrisha misuli na tezi kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Otto Loewi na Henry Dale walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa uvumbuzi wao kuhusu jinsi neva zinavyopitisha ujumbe kwa kemikali. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya maalumu huivunja asetilikolini ili mwili utulie. Neostigmini, ambayo madaktari huitumia kurejesha nguvu za misuli baada ya upasuaji, hukizuia kimeng'enya hicho kwa muda. Kemikali za kupe na wadudu za jamii ya organofosfeti hukizuia vilevile, ila hukishika zisikiachilie. Asetilikolini ikizidi, mate na machozi humtoka mtu, mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, mapafu hujaa ute na pumzi hukatika.

Basi, wapo wenzangu wanaosema tuliache neno 'dawa' lilivyo, kwamba muktadha utafafanua. Hapo ndipo ninapopinga. Mtoto akifikishwa hospitalini akiwa hoi, daktari huuliza: amekunywa nini? Akiambiwa 'dawa', bado hajajibiwa. Aliyekunywa organofosfeti hupewa atropini, tena na tena, hadi mapafu yakauke. Aliyekula ile ya panya inayozuia damu kuganda huhitaji vitamini K. Aliyekunywa parakwati ya kuulia magugu hana chochote kinachojulikana cha kuizimua. Zote tatu zimeitwa dawa. Muktadha ulibaki dukani, pamoja na kibandiko.

Wenzetu wa Tanzania wana 'kiuatilifu', na serikali yao ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Neno hilo limeundwa kwa ufundi: kutilifu ni kuharibu, hivyo kiuatilifu ni kiuacho viharibifu. Lakini nina shaka nalo. Mkulima akilisikia huenda akawaza 'timilifu', kitu kamili kisicho na dosari. Ni istilahi nzuri ya ripoti na sheria, ila haimtishi mtu aliyeshika chupa. Sisi wasomi tuna mazoea hayo: tunaunda neno, tunalifungia kamusini, kisha tunalalamika kwamba wananchi hawalitumii.

Neno tunalolihitaji lipo tayari, na hata mtoto wa chekechea analijua. Ni 'sumu'. Wengi wetu husema 'sumu ya panya' bila kigugumizi. Kwa nini isiwe sumu ya kupe, sumu ya wadudu, sumu ya magugu? Wauzaji watanuna, maana 'sumu' haivutii mnunuzi kama 'dawa'. Wanune. Watangazaji wa redio na waandishi wa habari wakianza, wengine watafuata. Nayo 'dawa' tumwachie mgonjwa.

Kabla mama hajatoka, nilimwambia chupa ya soda si ya kazi ile. Kijana akatafuta chombo chenye kibandiko chake. Nikamwomba aandike juu yake, kwa kalamu nene, SUMU. Alicheka kidogo, akaandika.

Mama alilisoma neno lile. Kisha akaitoa dawa ya mtoto kikapuni, akaenda nayo mkononi.